Sinema za Wavujajasho: Kazi ya Ken Loach wa Uingereza

Ni usiku. Kikundi kidogo cha wafanyakazi wa reli kinamwaga zege kando ya njia ya treni, katika jimbo la Yorkshire huko Uingereza. Kazi ya namna hiyo inataka mtu mmoja asimame pembeni, asishike koleo wala toroli, kazi yake iwe moja tu: kutazama treni inapokuja na kuwaonya wenzake. Usiku huo mtu huyo hayupo. Kampuni imeleta watu wachache, na kazi lazima iishe kabla ya asubuhi. Treni inapita, inamgonga mmoja wao. Yu hai bado, lakini ameumia vibaya.

Wenzake wanatazamana. Wakisema ukweli, itajulikana kwamba walifanya kazi bila mlinzi, na kesho hakuna kampuni itakayowaita tena. Wana watoto, wana kodi ya nyumba. Basi wanambeba mwenzao, rafiki yao wa miaka mingi, wanampandisha kwenye tuta mpaka barabarani, ili waseme kwamba amegongwa na motokaa.

Hii ni sinema, ndugu msomaji. Jina lake ni The Navigators, na ilitolewa mwaka wa 2001. Lakini mtu aliyeiandika hakuwa mtunzi wa hadithi aliyekaa chumbani akabuni mambo. Alikuwa Rob Dawber, mfanyakazi wa reli kwa miaka mingi, ambaye aliyajua mambo haya kwa mikono yake. Reli ya Uingereza ilikuwa mali ya taifa mpaka serikali ilipopitisha sheria ya kuiuza mwaka wa 1993. Shirika moja likakatwa vipande zaidi ya 100, kila kipande na kampuni yake. Sinema inaonyesha wafanyakazi wa karakana moja mjini Sheffield, ambao juzi walikuwa timu moja, wakiambiwa kwamba sasa wenzao wa jana ni washindani wa kibiashara. Kisha wanashawishiwa kuchukua kiinua mgongo na kuacha kazi. Wengine wanachukua, wanafurahi na fedha mkononi, halafu wanarudi kwenye reli ileile kama vibarua wa kampuni za wakala: hakuna likizo ya malipo, hakuna malipo ya ugonjwa, na anayeuliza habari za usalama haitwi tena. Huko ndiko wanakokutana na ule usiku wa zege.

Dawber hakuiona sinema yake ikionyeshwa kwa watu. Alifariki mwaka huohuo wa 2001 kwa saratani ya utando wa mapafu, ugonjwa uletwao na vumbi la asbestosi, vumbi alilolivuta akiwa kazini kwenye reli.

Aliyeichukua hadithi ya Dawber na kuifanya sinema ni Ken Loach, na habari zake ndizo tunazotaka kuwapa wasomaji wetu. Yeye ni mwongozaji wa sinema. Mtazamaji huwaona waigizaji, lakini mwongozaji haonekani; ndiye anayeamua nani asimame wapi, kamera itazame nini, na hadithi iende upande gani. Wenzake wengi wa kazi hiyo huko Uingereza walitajirika kwa kuonyesha mambo ya wafalme, majasusi na mabibi wenye majumba makubwa. Loach kwa muda wa karibu miaka 60 alionyesha watu wanaopiga kadi ya zamu.

Alizaliwa tarehe 17 Juni 1936 katika mji wa Nuneaton, sehemu za kati za Uingereza, mji wa viwanda na makaa ya mawe. Baba yake alikuwa fundi umeme kiwandani. Mtoto alikuwa hodari wa masomo, akaenda jeshini katika kikosi cha anga miaka miwili kama sheria ya siku zile ilivyotaka, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Oxford kusomea sheria. Uanasheria haukumvuta. Akaanza kucheza michezo ya kuigiza, na mwaka wa 1963 akaajiriwa na BBC katika televisheni.

Jina lake lilijulikana nchi nzima usiku mmoja, tarehe 16 Novemba 1966, BBC ilipoonyesha mchezo uitwao Cathy Come Home. Ni habari ya kijana dereva na mkewe. Mume anaumia kazini, mshahara unakatika, na wao wanahama kutoka nyumba nzuri kwenda mbaya, kutoka mbaya kwenda kwenye gari la kukokotwa, mwisho kwenye hosteli ya wasio na makazi ambako waume hawaruhusiwi kukaa na wake zao. Mwishoni maofisa wa serikali wanamnyang'anya mama watoto wake kwenye stesheni ya treni, kwa kuwa hana pa kuwalaza. Watu wapatao milioni 12 waliutazama. Ulikuwa wakati ambapo wakubwa wa Uingereza walikuwa wakijisifu kwamba umaskini umekwisha katika nchi yao. Wiki mbili baadaye chama cha kuwasaidia wasio na nyumba, Shelter, kilizinduliwa. Kilikuwa kimeandaliwa tangu kabla ya mchezo, lakini mchezo ndio uliowafungulia watu mifuko na macho.

Baada ya hapo ikaja Kes, mwaka wa 1969, ambayo wengi wanaiona kuwa kazi yake bora. Imetokana na kitabu cha Barry Hines. Kijana Billy wa miaka 14 hivi, katika mji wa wachimba makaa wa Barnsley, anafuga kipanga na kumfundisha kuruka na kurudi mkononi. Shuleni anachapwa na kudharauliwa. Nyumbani kaka yake, mchimba makaa, anampiga. Kila mtu anajua kwamba akimaliza shule atashuka mgodini, naye hataki. Ni ndege tu anayemwonyesha kwamba ana akili na uvumilivu ambao mwalimu hakuuona. Loach hakuleta watoto wa London waigize kama watoto wa Barnsley. Alimchukua mtoto wa palepale, David Bradley, ambaye hakuwa mwigizaji. Kiingereza chao kilikuwa kizito mno cha kwao, hata baadhi ya maneno yakabidi yarekodiwe upya ili watu wa nje waelewe.

Hapo ndipo tunapoona namna yake ya kufanya kazi, ambayo fundi yeyote ataielewa. Kwanza, anatafuta watu walioifanya kazi inayoonyeshwa. Pili, anapiga picha kwa kufuata mwendo wa hadithi, mwanzo mpaka mwisho, ingawa ni gharama zaidi. Na waigizaji hawapewi hadithi yote. Wanapewa kurasa kidogo kidogo, ili mtu atakapoambiwa amefukuzwa kazi, mshtuko wa usoni uwe wa kweli. Kamera inasimama mbali kidogo, kama mtu anayesikiliza bila kuingilia.

Mwaka wa 1977 alitengeneza na Barry Hines michezo miwili ya televisheni, The Price of Coal. Wa kwanza ni wa kuchekesha. Prince Charles, mwana wa Malkia (ambaye tangu 2022 ndiye Mfalme), atakuja kuutembelea mgodi. Basi mgodi mzima unageuka: kufagia, kupaka rangi, kupanda nyasi, kuficha takataka. Wasomaji wetu hatuna haja ya kuwaeleza zaidi. Nani kati yetu hajawahi kushikishwa ndoo ya chokaa kwa sababu mgeni rasmi anakuja Jumatatu? Wengi wa waigizaji walikuwa wachekeshaji wa vilabu vya wafanyakazi vya Yorkshire. Halafu unakuja mchezo wa pili, na kicheko kinakauka. Kuna mlipuko chini ya ardhi, watu wanakufa, wake zao wanasubiri juu. Mtazamaji anabaki akijiuliza mwenyewe kuhusu zile fedha za rangi. Mwaka huohuo Loach alipewa nishani na ufalme wa Uingereza akaikataa.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo sisi tunaoandika katika gazeti la chama cha wafanyakazi hatuna budi kulisema bila kuuma maneno. Loach hakuwagombeza wenye viwanda peke yao. Aliwagombeza viongozi wa vyama vya wafanyakazi pia, na pengine kwa ukali zaidi.

Aliyemwelekeza huko zaidi ni mwandishi Jim Allen wa Manchester, mtu aliyekuwa amefanya kazi mgodini, bandarini na kwenye ujenzi kabla ya kushika kalamu. Mwaka wa 1969 walionyesha The Big Flame, ambamo makuli wa Liverpool wanaikamata bandari na kuiendesha wenyewe mpaka jeshi linaletwa. Mwaka wa 1971 ikafuata The Rank and File, iliyotokana na mgomo wa kweli wa wafanyakazi wa viwanda vya vioo vya Pilkington, mji wa St Helens, mwaka wa 1970. Mgomo ule ulianza kwa kosa la hesabu za mishahara, ukadumu wiki saba. Chama chao wenyewe kilikataa kuutambua. Wafanyakazi wakaunda kamati yao. Na baadaye wengi wa waliokuwa mbele walijikuta nje ya lango. Mwaka wa 1975, katika michezo minne iitwayo Days of Hope, wakaonyesha mgomo mkuu wa taifa wa Mei 1926, ambao baraza la vyama liliusimamisha baada ya siku tisa na kuwaacha wachimba makaa wapigane peke yao hadi mwishoni mwa mwaka, ndipo waliporudi kazini kwa saa nyingi zaidi na mshahara pungufu.

Mambo ya 1926 yalivumilika, maana wahusika wengi walikuwa wamekwisha zikwa. Lakini mwaka wa 1983 Loach alitengeneza programu nne za televisheni, Questions of Leadership, na safari hii walioulizwa maswali walikuwa viongozi walio madarakani. Wanachama wa kawaida wanasimama mbele ya kamera na kueleza jinsi migomo ilivyomalizwa bila wao kuulizwa, jinsi uchaguzi wa chama ulivyoendeshwa, jinsi wapinzani walivyonyamazishwa. Kati ya waliolaumiwa sana ni wakubwa wa chama cha mafundi umeme, kazi ileile ya baba yake Loach. Viongozi wakalalamika, wanasheria wakaitwa. Televisheni ya Channel 4, iliyokuwa imeziagiza, ikaziahirisha, ikataka zipunguzwe, mwisho haikuzionyesha kamwe.

Je, alikuwa na haki? Mwandishi wa makala haya anaona kwamba mara nyingine Loach alikuwa mwepesi mno wa kuona msaliti. Mtu ambaye hajawahi kukaa mezani na mwajiri wiki ya sita ya mgomo, mfuko wa chama ukiwa mtupu na familia za wanachama zikisimama mlangoni kuuliza posho, asiseme upesi kwamba aliyetia sahihi amenunuliwa. Wako walionunuliwa. Wako pia waliohesabu magunia ya unga yaliyobaki wakaona hayafiki Ijumaa. Katika sinema za Loach huyu wa pili haonekani sana. Lakini jibu la kiongozi anayelaumiwa na wanachama wake ni kusimama na kujibu. Programu zile zilifungiwa kabatini, na waliofungiwa humo si Loach tu. Ni wale mafundi na wahunzi wa chuma waliokuwa wamekubali kusema kwa majina yao na nyuso zao, wakijua watarudi kazini kesho.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa mgomo mkubwa wa wachimba makaa, Machi 1984 mpaka Machi 1985. Loach akaagizwa kutengeneza sinema ya nyimbo na mashairi ya wagomaji, Which Side Are You On? Alipoileta, ndani yake mlikuwa na picha za polisi wakiwapiga wagomaji, na kampuni iliyoiagiza ikakataa kuionyesha. Ilipopata zawadi kwenye tamasha moja huko Italia, ndipo Channel 4 ikaionyesha Januari 1985, mgomo ukiwa karibu kuvunjika.

Miaka hiyo milango mingi ilimfungwa. Ili apate riziki alitengeneza matangazo ya biashara, hata la mikahawa ya McDonald's, na baadaye mwenyewe amekiri hadharani kwamba jambo hilo linamsuta.

Tukumbuke pia kwamba sinema yake ya kwanza kufungiwa kwa muda mrefu iliwahusu watu wa huku kwetu. Mwaka wa 1969 chama cha hisani cha Save the Children, kilichokuwa kikitimiza miaka 50, kilikubali Loach atengeneze sinema ya kueleza kazi zake. Alipiga picha Uingereza kwa watoto maskini, na Kenya, katika shule iliyowalea watoto wa Kiafrika kwa taratibu za shule za Kiingereza. Wakubwa wa chama walitegemea sifa. Walichokiona ni sinema iliyouliza kama hisani inaondoa umaskini au inaufunika, na kama anayetoa hawamdharau anayepokea. Wakaenda kwa wanasheria. Sinema ikawekwa katika hifadhi ya sinema ya taifa, na haikuonyeshwa kwa watu mpaka mwaka wa 2011, mjini London. Miaka 40 hivi ndani ya kopo la bati.

Aliinuka tena mwaka wa 1991 kwa sinema iitwayo Riff-Raff, ya vibarua wa ujenzi wanaogeuza hospitali iliyofungwa kuwa nyumba za matajiri. Aliyeiandika, Bill Jesse, alikuwa amefanya kazi hiyo mwenyewe, naye pia alifariki kabla haijakamilika. Waigizaji walichaguliwa kati ya watu waliowahi kushika sepetu. Mmoja wao, Ricky Tomlinson, alikuwa fundi wa kupiga lipu aliyefungwa jela mwaka wa 1973 kwa ajili ya mgomo wa ujenzi wa 1972. Mahakama ya rufaa ilifuta hukumu yake na za wenzake mwaka wa 2021, karibu nusu karne baadaye. Katika sinema yeye ndiye anayemwendea meneja kudai jukwaa la ujenzi liwe imara. Anafukuzwa. Baadaye kijana mmoja mweusi, aliyekuwa akiota kwenda kuiona Afrika, anaanguka kutoka kwenye jukwaa hilohilo.

Zilizofuata ni nyingi, tuzitaje kwa haraka. Wafagizi wa majumba ya ofisi huko Los Angeles wanaopigania haki ya kuwa na chama, mwaka wa 2000. Makuli wa Liverpool waliofukuzwa wapatao 500 mwaka wa 1995 kwa kukataa kuvuka mstari wa wagomaji, ambao mabaharia na makuli wa nchi nyingine waliwaunga mkono. Habari yao aliifanya ya kweli tupu, bila waigizaji. Vita vya Waayalandi dhidi ya utawala wa Waingereza, sinema iliyompa zawadi kuu ya Cannes huko Ufaransa mwaka wa 2006 na matusi ya magazeti ya kwao. Zawadi hiyohiyo akaipata mara ya pili mwaka wa 2016 kwa I, Daniel Blake, seremala mwenye ugonjwa wa moyo mjini Newcastle ambaye daktari anamkataza kufanya kazi na ofisi ya serikali inamwambia hastahili posho ya ugonjwa. Baadhi ya walioigiza makarani wa ofisi hiyo walikuwa wamewahi kuwa makarani wa kweli.

Mwaka wa 2012 tamasha la sinema la Turin huko Italia lilitaka kumpa zawadi. Akapata habari kwamba wafagizi na walinzi wa jumba la makumbusho la sinema la mji huo walikuwa wamehamishiwa kwa mkandarasi, mishahara ikakatwa, na waliolalamika wakapoteza kazi. Hakwenda kuichukua zawadi.

Ya 2019, Sorry We Missed You, ingefaa ionyeshwe katika kila ukumbi wa chama. Baba mmoja anaanza kazi ya kupeleka vifurushi majumbani. Anaambiwa kwamba yeye si mwajiriwa, ni mfanyabiashara anayejitegemea. Kwa hiyo gari anunue mwenyewe; mkewe anauza gari lake dogo ili apatikane fedha, na yeye anayehudumia wagonjwa na wazee nyumba kwa nyumba anaanza kupanda basi. Bwana huyu "mfanyabiashara" anapewa kidude cha mkononi kinachohesabu kila dakika na kulia akikawia. Siku moja ya kutokwenda kazini ni faini, hata mtoto akiwa na shida. Hana muda wa kwenda chooni, anabeba chupa. Wanaovuna kwa kipande watayatambua maisha hayo mara moja, tofauti yake ni kwamba nyapara amewekwa ndani ya kidude, na hasikii ukimwambia mtoto anaumwa.

Katika siasa Loach amekuwa mtu wa kuingia na kutoka. Aliwahi kuwa mwanachama wa Labour, akatoka, akarudi, na mwaka wa 2021 akafukuzwa. Mwenyewe alisema ni kwa sababu alikataa kuwakana wenzake waliokwisha kufukuzwa.

Sinema yake aliyosema huenda ni ya mwisho, The Old Oak, ilitoka mwaka wa 2023, akiwa na umri wa miaka 86. Kijiji kimoja cha Durham kimebaki bila mgodi, nyumba zinauzwa kwa bei ya kutupwa, na serikali inaleta wakimbizi wa Syria. Wenyeji wengine wanawatukana. Nyuma ya kilabu cha pombe kuna chumba kilichofungwa miaka mingi, kutani picha za mgomo wa 1984, wakati wagomaji na watoto wao walipokuwa wakila pamoja. Mwenye kilabu na msichana mmoja wa Syria wanakifungua ili wenyeji na wageni wapikiwe humo. Wako wenyeji wanaokiharibu chumba hicho kwa siri, maji yanafurika, kazi yote inapotea. Sinema inamalizikia kwenye mkutano mkubwa wa wachimba makaa wa Durham, ambao hufanywa kila Julai ingawa migodi yote imekwisha fungwa. Bendera za vyama zinapita na bendi zao. Katikati yake inakuja bendera mpya ya kijiji kile, imeandikwa kwa Kiingereza na kwa Kiarabu.